Schlitterbahn ya New Braunfels: ilianzaje, na tuanzie upande gani?

Mama Wawili, Houston

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa saba tunampokea wifi yangu kutoka Moshi, na watoto wetu, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa 13, wamekwisha kukata shauri kwamba shangazi yao lazima afikishwe Schlitterbahn ya New Braunfels, hapa Texas. Mimi nimefika ile ya Galveston peke yake. Wifi ni mwalimu wa historia, na popote unapompeleka atataka kujua pametoka wapi kabla hajavua viatu. Naomba mwenye kuifahamu anieleze bustani hiyo ya michezo ya maji ilianzaje, kwa nini watu huitenga na nyingine, na familia yenye mtu mzima asiyejua kuogelea ianzie wapi.

Mkazi wa Comal

Salaam, dada. Huu ni mwaka wangu wa 11 katika kaunti hii ya Comal, uliko mji wa New Braunfels, na wanangu wameikulia bustani hiyo, kwa hiyo nitakuandikia kwa kirefu.

Mwanzishie wifi na chemchemi, kwa maana bila chemchemi pasingekuwa na chochote pale. Chemchemi za Comal, kubwa kuliko zote za Texas, hububujika chini ya mwamba katika bustani ya mji iitwayo Landa Park, zikazaa mto Comal, wa kilomita 4 hivi, unaoanza na kuishia ndani ya mji huohuo, pale unapoingia mto Guadalupe. Maji hayo hukaa kwenye nyuzi 22 au 23 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Ndiyo yaliyowavutia wahamiaji wa Kijerumani walioletwa na Mwana wa Mfalme Carl wa Solms-Braunfels mwaka 1845, na ndiyo sababu bustani ikapewa jina la Kijerumani lenye maana ya njia ya utelezi.

Mwaka 1966 Bob na Billye Henry walinunua kambi ya mapumziko ya Landa, iliyokuwa na nyumba za wageni kando ya mto, wakaiendesha pamoja na watoto wao. Mwaka 1979 walisimamisha mnara ulioigwa kutoka ngome ya Solms iliyoko Braunfels, Ujerumani, wakateremsha kutoka juu yake miteremko michache ya maji. Kumbuka kwamba bustani ya maji ya Disney, River Country, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1976, na Wet 'n Wild ya George Millay kule Orlando mwaka 1977. Kwa hiyo akina Henry walikuwa miongoni mwa watangulizi, ila wao walikuwa na mto mlangoni.

Upande huo wa kale bado upo, nami naupenda kuliko mwingine wote. Mifereji yake ya saruji hupita chini ya miti mikubwa na hulishwa na maji ya mto wenyewe. Unapoketi kwenye boya la duara, baridi inakuingia mgongoni kabla hujajiweka sawa. Unapokanyaga ngazi, nyayo zinahisi utelezi wa mwani, na pua haipati klorini hata kidogo, inapata harufu ya mto. Kisha mfereji unakata kona, boya linazunguka, na unajikuta unashuka kinyumenyume ukitazama majani.

Upande mpya ndio uliowapa umaarufu wa dunia. Mwaka 1991 walifungua Boogie Bahn, ambako pampu husukuma tabaka jembamba la maji kwa kasi kupanda kilima laini, likatokea wimbi lisilohama ambalo mtu hulipanda kwa ubao papo hapo. Kifaa hicho kilibuniwa na Tom Lochtefeld wa California. Mwaka 1994 wakaja na mteremko unaopanda: midomo ya mabomba hufyatua maji yenye nguvu nyuma ya boya na kulisukuma kileleni, kisha uzito wako unalishusha tena. Master Blaster ya mwaka 1996 ni mtoto wa wazo hilo, na kijana wako wa miaka 13 hataisahau. Mwaka 2011 ikaongezwa The Falls, njia ya maboya yenye urefu wa karibu mita 1,100.

Mwaka 2019 familia iliziuza bustani za New Braunfels na Galveston kwa kampuni ya Cedar Fair kwa dola milioni 261, na kampuni hiyo ikaungana na Six Flags, kampuni nyingine ya bustani za burudani, mwaka 2024.

Baba Neema, Kansas City

Naongeza jambo moja, kwa kuwa mwalimu wa historia hatakiwi kupewa nusu ya historia. Familia hiyohiyo ilikuwa na bustani huku kwetu tangu mwaka 2009, na mwaka 2014 walifungua Verrückt, mteremko wa maji wenye kimo cha zaidi ya mita 51 kwenda juu, mrefu kwa kimo kuliko yote duniani wakati huo. Mwezi wa nane mwaka 2016 mtoto wa miaka 10 alipoteza maisha pale. Mteremko ulifungwa siku hiyo na baadaye ukabomolewa, na bustani yenyewe haikufunguliwa tena baada ya mwaka 2018. Siandiki haya ili kuwatisha. Naomba tu msome vibao vya kimo na uzito kabla ya kupanga foleni, na mtoto asiyetimiza kipimo asiombewe kibali, hata akilia.

Mama Wawili, Houston

Asante sana, Baba Neema, na asante Mkazi wa Comal. Wifi amesoma yote akauliza swali moja: je, chemchemi hizo haziwezi kukauka? Anasema chemchemi ya Chemka ya kwao nayo watu huiona kama haitakwisha.

Mkazi wa Comal

Zilikwisha kukauka, dada. Mwaka 1956, katika ukame mkubwa wa Texas, ziliacha kutiririka kwa miezi kadhaa, na samaki mdogo sana anayeishi hapa na katika mto San Marcos peke yake akatoweka Comal kabisa, hadi aliporudishwa miaka ya 1970. Tangu hapo uchotaji wa maji kutoka hazina ya chini ya ardhi iitwayo Edwards, inayozilisha chemchemi hizi, umekuwa jambo la mahakama na sheria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Fikeni Landa Park mapema asubuhi, hakuna kiingilio kwa anayetembea, mkamwonyeshe wifi maji yakitoka mwambani. Milango ya Schlitterbahn ikifunguliwa, baba na kijana waende moja kwa moja Master Blaster kabla foleni haijarefuka, nanyi watatu mwanzie upande wa kale, kwenye mabwawa ya kina kifupi. Wifi na mdogo wavae jaketi la kuokolea hata kwenye mifereji inayoonekana tulivu, kwa sababu boya hupinduka pasipotarajiwa. Viatu vya maji msivisahau. Saruji ile hukwaruza, na jua la saa nane linaichoma.

Mama Wawili, Houston

Tumepanga iwe Jumanne, wasipokuwapo watu wengi. Wifi amesema jaketi atalivaa kuanzia Landa Park.