Maji ya kuoga msimu wa kipupwe hapa Dodoma: gesi, mkaa au umeme, ipi ina nafuu kwa familia?

Mama Wanne, Ipagala
Habari za jioni ndugu zangu. Juni inabisha hodi, na upepo wa usiku umekwisha kuanza kupenya madirishani. Nimetenga shilingi 150,000 za kujiandaa kwa baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti, na jambo lililonisumbua zaidi mwaka jana ni maji ya kuoga ya alfajiri, kwa sababu watoto huondoka kwenda shule kungali giza na maji ya tangi huwa yamelala nje usiku kucha. Nipo njia panda kati ya mambo matatu: kununua mtungi wa gesi wa kilo 15 ili uchukue nafasi ya huu wa kilo 6 nilio nao, kununua gunia la mkaa pamoja na jiko jipya, au kununua hita ya umeme ile ya kuzamisha kwenye ndoo. Vyote vitatu siviwezi. Mwenye uzoefu anieleze ipi ina nafuu ya kweli, kwa kuwa nakusudia kwenda sokoni Jumamosi hii.

Fundi wa Kisasa
Dada, swali lako ni jema, lakini umeyaacha yale ambayo jibu linayategemea. Mko wangapi nyumbani, na je, wote mnaoga maji ya moto au ni watoto tu? Nyumba ni yenu au mmepanga? Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, mnaitumia peke yenu, na kwa mwezi mnamaliza uniti ngapi? Bila hayo kila mtu hapa atakusifia kile anachokitumia kwake.

Mjukuu wa Chamwino
Mkaa, bila kusita. Jiko la mkaa ukishalisongea ugali wa usiku, makaa hubaki mekundu kwa muda mrefu, na hapo ndipo unapobandika sufuria kubwa yenye mfuniko. Maji hayo hayakugharimu hata senti moja, kwa sababu moto ulikuwa wa chakula. Ukiyatia kwenye chupa mbili za chai za lita tatu tatu, alfajiri unayakuta yangali ya moto, unayachanganya na ya baridi, na watoto wawili wameoga kabla hujawasha kitu chochote. Mimi nimelelewa hivyo na nyumbani kwangu tunafanya hivyo mpaka leo.

Nishati Safi, Area C
Mjukuu, naheshimu malezi yako, lakini tusimrudishe dada kwenye mkaa wakati tayari ana gesi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na sisi wakazi wa Dodoma tunaona kwa macho jinsi miti inavyozidi kupungua kila tukisafiri kwenda wilayani. Anunue mtungi wa kilo 15. Ushauri wangu mmoja tu ni kwamba aupime kwenye mzani kabla ya kuondoka nao. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo ukiutoa unajua umepewa kilo ngapi za gesi.

Mama Wanne, Ipagala
Nawashukuru. Tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne ambao mdogo wao ana miezi 8, na mama mkwe mwenye umri wa miaka 74 aliyehamia kwetu mwezi wa pili. Mama na mtoto mchanga ndio hasa wanaonitia wasiwasi.

Fundi wa Kisasa
Ahsante kwa idadi, ingawa suala la mita hukuligusa. Nitaweka hesabu jinsi ilivyo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 40 kunahitaji takribani nusu uniti ya umeme. Watu saba, ndoo saba, ni uniti tatu na nusu kwa siku, yaani 105 kwa mwezi. Sasa angalia mtego uliopo. Aliye kwenye tarifu, yaani kundi la bei, ya matumizi madogo, ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, lakini akivuka na kuhamishiwa tarifu ya kawaida, uniti hiyo hiyo anainunua kwa kama shilingi 356. Kwa hiyo uniti 105 za hita zitakugharimu takribani shilingi 37,000, na tena uniti 60 za taa na jokofu ulizokuwa ukizilipia kama shilingi 7,300 zitapanda hadi zaidi ya 21,000. Hita inapandisha hata bei ya umeme wa vifaa vingine, na watu wengi hawalitambui hilo hadi mwezi wa pili wa baridi.

Kuhusu gesi, kilo moja kwenye jiko la kawaida, ukiondoa joto linalopotelea pembeni ya sufuria, hupasha ndoo kumi na mbili hadi kumi na nne. Ndoo saba kwa siku ni zaidi ya nusu kilo. Mtungi wako wa kilo 6 ungekwisha ndani ya siku kumi na moja hivi, na huo wa kilo 15 usingefika mwezi, na hapo hujapika chochote.

Nishati Safi, Area C
Lakini hakuna haja ya kupasha ndoo nzima. Chemsha lita tano tu, kisha changanya na lita kumi na tano za baridi. Gesi inayotumika ni robo.

Fundi wa Kisasa
Hapana, ndugu yangu, hilo ni kosa tunalolifanya wengi. Lita tano zilizochemka zimebeba joto lile lile ambalo lita ishirini zenye vuguvugu zimelibeba, na joto hilo lazima litoke kwenye gesi. Unachookoa ni muda na nafasi jikoni. Gesi itapungua tu iwapo mwenye kuoga atapunguza maji, na mtoto wa shule kwa kweli anatosheka na nusu ndoo.

Mkinga wa Makete
Naomba kuuliza kwa nia njema: ni baridi ipi ya Dodoma inayohitaji shilingi 150,000? Kwetu Makete kuna asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa jalidi, na watoto hunawa uso na kwenda shule. Hapo Dodoma ikifika saa nne asubuhi watu wako juani na mashati ya mikono mifupi.

Bibi wa Mpwapwa
Mjukuu wangu wa Makete, kila baridi na nyumba yake. Ninyi mna jiko ndani na mavazi mazito tangu utotoni. Huku mchana ni jua kali, usiku mbingu ni nyeupe, upepo hauna kizuizi, na wanaokaa humo wamezoea joto la Oktoba. Mzee wa miaka 74 hapimi baridi kwa majani meupe, anaipima kwa magoti yake.

Na niseme jambo ambalo vijana mmelisahau. Wagogo walijenga tembe kwa sababu. Kuta nene za udongo, paa la miti na udongo juu yake, nyumba fupi isiyoshindana na upepo. Jua lilipiga mchana kutwa, udongo ukalihifadhi, na usiku ukakurudishia kidogo kidogo hadi alfajiri. Nimelala katika tembe nikiwa msichana, na mama yangu hakunitafutia blanketi la pili. Leo tunaezeka bati lisilo na dari, na jua likizama tu joto lote linaondoka kupitia hapo juu, ndipo tunaanza kutafuta hita. Binti yangu wa Ipagala, je, chumba cha mkweo kina dari? Kama hakina, fedha yako ianzie hapo, hata kama ni kutandaza magunia yaliyoshonwa pamoja na kuyafunga kwenye mbao za paa juu ya kitanda chake. Chini ya godoro weka mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa. Mablanketi ya mitumba mazuri yanapatikana soko la Sabasaba ukienda mapema. Maji ya kuoga mzee anaweza kuyasubiri hadi saa nane mchana, lakini usingizi hausubiri.

Mjukuu wa Chamwino
Shikamoo bibi. Umenena. Na kwa kuwa chumba cha mzee ndicho chenye shida, jiko la makaa yasiyo na moshi likikaa humo kwa saa moja kabla ya kulala, chumba kizima hupata joto, kisha unalitoa.

Baba wa Nkuhungu
Ndugu, nakuomba ulifute hilo pendekezo, na kama huwezi kulifuta, basi wasomaji wote wasome hili kabla ya kulifuata.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Julai, mke wangu alikuwa amejifungua wiki tatu tu. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba pazia lilikuwa likipepea ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Nilitoa jiko jikoni likiwa na makaa mekundu kabisa, hayana moshi hata kidogo, nikaliweka kwenye kona ya chumba cha kulala. Nia yangu ilikuwa ile ile ya saa moja. Ili joto lisitoke, nilisokota kanga ya mke wangu nikaiziba chini ya mlango. Tukapitiwa na usingizi.

Kilichotuokoa ni binti yetu mkubwa, aliyelala chumba cha pili, ambaye alitaka kwenda chooni akaogopa giza na kuja kugonga. Nilimsikia kama mtu anayeita kutoka mbali sana. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa, kichwa kikawa kama kinapasuliwa kwa shoka. Nilitambaa hadi mlangoni, na ile kanga niliyoiziba kwa mikono yangu ikanichukua muda ambao sitausahau, kwa sababu vidole havikuweza kushika. Mke wangu alikuwa akitapika bila kuamka vizuri. Mtoto alikuwa kimya. Jirani alitubeba kwa gari lake, tukawekewa oksijeni, na mtoto akalia mnamo saa kumi na moja alfajiri. Yu hai na anasoma darasa la tatu.

Daktari alitueleza kwamba makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushika damu ikaizuia kubeba oksijeni. Kutokuwa na moshi si usalama, bali ndiko kunakomdanganya mtu. Mtoto mchanga na mzee ndio huzidiwa upesi, na dada yetu anao wote wawili. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata kwa dakika kumi.

Mjukuu wa Chamwino
Baba, pole sana. Naliondoa pendekezo langu, na ninaomba radhi kwa dhati. Nyumbani tumefanya hivyo kwa miaka na sikuwahi kuelezwa. Usiku huu huu nitazungumza na mke wangu.

Mkinga wa Makete
Nami nimenyamazishwa, kwa maana kwetu jambo hili ni la kawaida mno. Pole, mzee wangu.

Mama Wanne, Ipagala
Nimeisoma habari ya Baba wa Nkuhungu nikiwa nimempakata mtoto, na nimeshindwa kujibu hadi sasa. Nilikuwa nimefikiria jambo hilo hilo kwa chumba cha mama.

Fundi, nilikwepa swali la mita kwa sababu linanikera. Tumepanga, na mita ni moja kwa kaya tatu. Tunachanga kwa idadi ya vyumba, sisi tuna vitatu. Bibi, chumba cha mama hakina dari.

Fundi wa Kisasa
Hilo linageuza hesabu yote, dada. Kaya tatu kwenye mita moja bila shaka mmekwisha kuivuka tarifu ya matumizi madogo, hivyo ule mtego wa kwanza kwenu haupo, na kwa hesabu tupu umeme unaishinda gesi. Lakini ukiwasha hita kila alfajiri, jirani wa chumba kimoja atakuwa anachangia maji yako ya kuoga, na ugomvi wa LUKU katika nyumba za kupanga hauna mshindi. Muulize mwenye nyumba kama atakubali kufunga mita ndogo kwa kila kaya. Ikiwa utanunua cha umeme, afadhali birika linalojizima lenyewe kuliko hita ya kuzamisha, kwa sababu hita ikikosa maji huyeyusha ndoo, na mtu akiingiza mkono kabla ya kuchomoa waya anaweza kupoteza maisha.

Bibi wa Mpwapwa
Kabla ya yote hayo, chukua madumu mawili, uyapake rangi nyeusi, uyaweke juani mahali penye ukuta unaokinga upepo tangu saa tatu asubuhi. Saa tisa maji yana vuguvugu. Mwogeshe mtoto na mkweo wakati huo, jua lingali linawaka, kisha uwapake mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka. Kipupwe chetu hakina mawingu ya kukuzuia.

Nishati Safi, Area C
Kwa hili nakubaliana na bibi. Wakioga wawili hao mchana, alfajiri wanabaki watoto wa shule na ninyi wazazi, na mtungi mdogo ukisaidiwa na chupa za chai unaweza kuvumilia. Maharage pia usiyapikie gesi mpaka mwisho. Yaloweke usiku, yachemke sawasawa kwa nusu saa, kisha sufuria na mfuniko wake uiweke ndani ya kapu lililoshindiliwa mapande ya blanketi na kuifunika kabisa. Baada ya saa nne yameiva yenyewe.

Mama Wanne, Ipagala
Madumu nimeyapata kwa jirani, rangi nitanunua kesho. Mwenye nyumba nimemwandikia kuhusu mita ndogo na hajajibu. Mume wangu bado anautaka mtungi mkubwa, mimi nimeelekea kwenye dari, na mama mwenyewe amesema hataki tununue chochote kwa ajili yake ila soksi. Bibi, hayo magunia yawe ya katani au hata haya ya plastiki ya kuwekea mahindi yanafaa? Na juu ya kitanda cha futi nne kwa sita nishone mangapi?