Niache ukarani wa ghala niingie usalama kazini?

KijanaWaJomvu
Salaam wakubwa. Nina miaka 26, karani wa ghala Shimanzi, Mombasa, huu mwaka wa tatu. Mwezi uliopita rundo la magunia ya sukari lilimporomokea kibarua mmoja, mguu ukavunjika. Jina lake nililiandika mimi daftarini asubuhi ile. Tangu hapo nataka kusomea usalama kazini, lakini nyumbani wananiambia nitakuwa mtu wa kupigia watu kelele za helmeti na kuchukiwa. Karo nayo si ndogo, na mamangu ananitegemea. Walio ndani ya kazi hii, mwasemaje?

MzeeWaGati
Mwanangu, nina miaka 21 katika kazi hii, na kabla yake nilikuwa kibarua wa kushusha klinka, malighafi ya saruji, hapo bandari ya Kilindini. Kuchukiwa kupo, sikufichi.

Kuna meli ya makaa ya mawe ilitia nanga, ngama, yaani matumbo ya meli yenye shehena, zimefungwa tangu ilikotoka. Mnyapara anataka vijana washuke saa moja asubuhi. Nikateremsha kipimo cha hewa kwa kamba: oksijeni asilimia 14. Hewa ya kawaida ina 20.9, na chini ya 19.5 mimi simshushi mtu. Mnyapara akainama mlangoni, akanusa, akasema hakuna harufu yoyote. Sasa hiyo ndiyo hatari yenyewe! Makaa huila oksijeni, na kukosekana kwake hakunuki. Mtu hushuka ngazi tatu nne, akaanguka, mwenzake akamfuata kumwokoa, wakafa wote wawili.

Tulifungua, tukapisha upepo, tukapima tena na tena mpaka saa sita. Kijana aliyekuwa ashuke wa kwanza alikaa kwenye nguzo ya kufungia kamba, anakula mahamri kwenye gazeti, hanitazami. Nusu zamu yake ilikuwa imekwenda. Wiki nzima hakuitikia salamu yangu. Nikaendelea kumsalimu.

Kabla ya kulipa karo, fanya hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Iulizie hapo kwenu, uombe kuingia upande wa wafanyakazi. Utajua kama kazi hii ni yako. Na huyo aliyevunjika mguu ana haki ya fidia, kibarua au si kibarua. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Usimwache akae nyumbani akingoja kuitwa.

MamaMikindani
Naongeza upande wa mazingira, kwa sababu ukuta wa kiwanda hauzuii kitu. Hapa jirani yetu, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi, ile metali yenye sumu iliyo ndani ya betri, kwenye miili ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, na mwanawe mchanga akaugua. Alipigana mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukafutwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo, mdogo wangu.

Mimi nikifika mahali penye risasi, naanza kuuliza ovaroli hufuliwa wapi. Mara nyingi hufuliwa nyumbani, beseni moja na nguo za mtoto. Hilo hulikuti kwenye fomu yoyote.

KijanaWaJomvu
Mzee wangu, Mama, shukrani sana. Nimehesabu kwa daftari langu mwenyewe: tuko 34. Kamati hakuna. Nimemwandikia meneja barua, nakala ninayo.

Jana nilivuka hadi Kisauni kumwona yule mwenzetu. Plasta imefika pajani, na hakuna karatasi yoyote aliyopewa. Jumatatu nimeomba ruhusa, nampeleka ofisi ya usalama kazini na daftari lenye jina lake.

MzeeWaGati
Chukua na karatasi za hospitali. Fikeni mapema, foleni ni ndefu.