Ni takwimu zipi zinazostahili kumfikia mwalimu mkuu?

Mwalimu wa Taaluma:
Ndugu walimu, nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31. Mwalimu mkuu wetu, kijana mwenye bidii ambaye ninamheshimu, amepewa lengo la kupandisha ufaulu, naye ameniagiza nimpelekee kila Ijumaa jedwali la wastani wa kila darasa. Jedwali ninalijaza. Kinachonikosesha raha ni kwamba muhula mzima hajakaa darasani hata kipindi kimoja.

Mwezi uliopita nilishika Darasa la Tatu kwa niaba ya mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Kuna binti mwenye hati nzuri kuliko wote. Nilipomwomba asome ubaoni, aliisoma sentensi nzima bila kukwama. Nikaweka kidole juu ya neno "kisima", lililokuwa katikati, nikamuuliza ni neno gani. Akarudi mwanzo wa sentensi, akaipitia polepole huku midomo ikicheza, mpaka akalifikia. Nilipoliandika peke yake pembeni, alinyamaza. Katika jedwali langu binti huyo ana alama 64, kwa sababu jaribio la wiki hurudia mazoezi yaliyomo daftarini, naye ameyakariri yote.

Ninaomba ushauri: nimpelekee nini mwalimu mkuu badala ya wastani, au pamoja nao?

Mkuu wa Shule, sekondari:
Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilianza kuushuku wastani mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 hapa Tanzania yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri, yaani walifeli. Miezi michache baadaye Serikali iliyafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu wa awali, na waliofaulu wakaongezeka. Watoto walikuwa wale wale na karatasi zao za majibu zile zile. Baadaye tukaingizwa kwenye mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, kisha tukarudishwa kwenye divisheni, na kila mara nilitakiwa kueleza kwa nini shule "imepanda" au "imeshuka".

Hata hivyo, Mwalimu, usizitupe namba zote. Daftari la mahudhurio ndilo lililonionyesha kwamba kila siku ya gulio nilikuwa nakosa wanafunzi wale wale, na kwamba majaribio ya hesabu tulikuwa tunayaweka siku hiyo hiyo. Tuliyahamisha. Namba inayoniambia nikamtafute nani ina kazi kwangu.

Mthibiti Ubora mstaafu:
Ninakubaliana na Mkuu, ila tuseme pia namba hufanya nini zikigeuzwa kuwa shabaha. Chini ya mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, malengo ya ufaulu yalikuwa asilimia 60, kisha 70, kisha 80 kufikia 2015, na shule zikapangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Watafiti waliofuatilia mpango huo walikuta kwamba shule za msingi zilizoburuta mkia zilipandisha alama kweli, lakini pia zilipoteza wanafunzi kabla ya mtihani wa Darasa la Saba. Mtoto dhaifu akiondoka, wastani unapanda bila mtu yeyote kufundishwa chochote, na hilo linanikera mpaka leo.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, nami nilifurahi. Lakini katika vikao nilivyohudhuria baada ya hapo, orodha ilikuwa bado inabandikwa ukutani.

Mwalimu mkuu aliyenilea kikazi aliketi dawati la nyuma kando ya mwanafunzi, akachukua daftari moja tu, na baada ya kipindi hakuniuliza habari za andalio la somo. Aliniuliza mtoto wa dirishani alipataje jibu la hesabu ya pili. Sikujua. Wiki iliyofuata nilihakikisha ninajua.

Mzazi wa Darasa la Nne:
Samahani walimu kwa kuingilia. Yule binti wa "kisima", nyumbani kwake wameambiwa?

Mwalimu wa Taaluma:
Wameambiwa, mzazi mwenzangu. Bibi yake alikuja, akasema alidhani anasoma, maana kila jioni binti humsomea daftari lake. Tangu hapo nimemsikiliza kila mtoto wa darasa lile mmoja mmoja, nikiwapa maneno yaliyotengwa na sentensi, na nimepata wengine sita. Ijumaa hii chini ya jedwali nitaandika majina saba, na nimemwomba mwalimu mkuu aje Jumatatu kipindi cha kwanza tuwasikilize pamoja. Amekubali.