Utafiti wa homoni na kumbukumbu: je, kuhesabu siku za hedhi kunatosha?

Mwanafunzi wa Kisauni

Asalaam aleikum, na wakubwa shikamooni. Ninasomea saikolojia, mwaka wa nne, hapa Mombasa, na tasnifu yangu inahusu namna homoni za estrojeni na projesteroni zinavyoathiri kumbukumbu. Nimepanga kuwauliza wanafunzi wenzangu wa kike hedhi yao ya mwisho ilianza lini, niwagawe makundi mawili, walio kabla ya yai kutoka na walio baada yake, kisha niwasomee orodha ya maneno nione kundi lipi litakumbuka mengi. Msimamizi wangu amelirudisha pendekezo langu likiwa na swali moja tu pambizoni: “Homoni ziko wapi?” Fedha nilizonazo hazizidi nauli ya matatu na gharama ya kuchapisha hojaji. Je, kuna njia ya kuunusuru utafiti huu?

Fundi wa Maabara, Makadara

Waaleikum salaam, dada yangu. Swali la msimamizi wako ni la haki, kwa kuwa ulichopanga kupima ni kalenda. Mzunguko wa siku 28 ni wastani tu, na sehemu inayobadilika zaidi kati ya mwanamke na mwanamke ni ile inayotangulia kutoka kwa yai. Estrojeni nayo hufikia kilele muda mfupi kabla ya yai kutoka, kisha hushuka upesi, hivyo ukikosea siku mbili umekikosa. Isitoshe, mtu anaweza kuona hedhi mwezi ambao yai halikutoka kabisa, na mwezi huo projesteroni haipandi.

Ningekuwa wewe, kipimo cha kwanza ningekifanya siku za mwanzo za hedhi, wakati homoni zote mbili ziko chini, kwa sababu siku hizo hazihitaji mashine kuzitambua. Kwa kipimo cha pili, tumia vile vijiti vya mkojo vinavyouzwa katika maduka ya dawa, ambavyo hugundua kupanda kwa homoni ya LH kunakotangulia yai, kisha umwite mshiriki baada ya wiki moja hivi, projesteroni ikiwa juu. Ukipata ufadhili wa kupima mate, usimpe mtu pamba atafune, maana pamba huweza kuvuruga kipimo cha homoni hizi. Asukutue kwa maji, angoje dakika kama 10, kisha ayadondoshe mate ndani ya kichupa. Yakiwa na wekundu wa damu ya ufizi, yamwage, kwani damu ina homoni nyingi kuliko mate. Aliyetoka kula mahamri na mbaazi sasa hivi, mwambie asubiri.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, kwangu mimi muundo ni mzito kuliko vipimo. Usimlinganishe huyu na yule, bali mlinganishe kila mmoja na nafsi yake. Nusu yao waanze wakiwa katika hedhi na nusu waanze katika awamu ya pili, yaani baada ya yai kutoka, na orodha za maneno ziwe mbili, kwa sababu anayerudia jaribio huwa ameshalizoea. Uliza kwa faragha kuhusu uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu, ambayo imeenea sana nchini, huzuia yai kutoka, kwa hivyo anayeitumia hana mzunguko unaoutafuta hata akiona damu. Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, sina haja ya kukukumbusha.

Tena usidai kwamba umeonyesha sababu. Mwaka 1849, huko Göttingen, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Aliowapandikizia korodani tumboni, hata zikiwa za jogoo mwingine, walikua wakiwika na kupigana, ilhali walioachwa bila korodani hawakufanya hivyo. Yeye aliondoa akarudisha, na ndiyo maana tunamwamini. Wewe huondoi wala huongezi kitu, basi utaonyesha uhusiano tu. Mwaka 1990 Catherine Woolley, Bruce McEwen na wenzao walionyesha kwamba vichipukizi vidogo vya seli za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya jike huongezeka na kupungua ndani ya mzunguko wake wa siku 4 au 5. Kutoka hapo hadi kwenye orodha ya maneno ya mwanafunzi ni mbali sana, na tafiti za wanadamu zimetoa matokeo yanayokinzana.

Mwanafunzi wa Kisauni

Shukran jazila. Nitakiandika kichwa upya kiwe “awamu za mzunguko wa hedhi na kumbukumbu”, na vijiti nitamwomba msimamizi anisaidie kuvipata. Limebaki moja: Ramadhani ikiangukia katikati ya muhula, niendelee kupima?

Fundi wa Maabara, Makadara

La, simamisha hadi Shawwal. Saa za kulala na za kula zote hubadilika, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba mshiriki wako Mwislamu aliye katika hedhi hafungi, ilhali katika awamu ya pili anafunga. Tofauti yoyote utakayoiona, hutaweza kujua imeletwa na homoni au na njaa.