Eksirei kila tukienda kwa daktari wa meno: kuna haja?

Mama Nuru, Tanga
Habarini ndugu zangu. Mwezi wa tatu nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kukaguliwa meno, hana hata jino moja linalouma. Kabla daktari hajamwangalia kinywani tukaambiwa tuingie chumba cha picha. Akapigwa mbili, kulia na kushoto. Juzi tumerudi, hata miezi sita haijatimia, tunaambiwa picha tena. Nikauliza, zile za mwanzo zilionyesha nini? Jibu: "Ndio utaratibu wetu." Nikamshika mtoto mkono tukaondoka. Sasa usiku silali, najiuliza kama nimemkosesha tiba. Ila mionzi ni mionzi, na huyu bado mdogo. Halafu hawakumvisha ile aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi. Nimekosea?

Mpigapicha wa Mionzi
Mama Nuru, hujakosea kuuliza. Kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa.

Nianze na hofu yako. Picha ile ndogo, mtoto anapong'ata kile kipande cha plastiki, kwa mashine za kidijitali huwa kama mikrosiveti 5 (ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), mara nyingine chini ya hapo. Mionzi ya asili, ya ardhini, ya angani, hata ya kwenye chakula, humpata binadamu wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, utaona picha moja haizidi ile anayoipata siku moja akicheza uani.

Aproni nayo isikusumbue sana. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2024 kwamba haihitajiki tena kwa picha za meno, kwa sababu mashine za sasa zinabana mwale uishie pale pale panapopigwa. Tena ikikaa vibaya inaziba picha, mtoto anarudiwa.

Linaloniuma mimi ni hilo la "utaratibu". Daktari achungulie kinywa kwanza, ajue anatafuta nini, ndipo aagize. Miongozo ya Marekani ya 2012 ilisema mtoto asiye na matundu wala dalili za hatari apigwe kila baada ya miezi 12 hadi 24. Mwenye matundu au aliye hatarini, miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo kurudia kabla ya miezi sita ni mapema hata kwa aliye hatarini, na kama walikuwa na sababu walipaswa kukueleza. Kaziombe zile za mwanzo.

BintiMvita, Mombasa
Pole dadangu. Mimi nilikataa picha miaka miwili, nikiona magego ya mwanangu meupe pe. Usiku wa kuamkia Idi shavu likafura, jicho likakaribia kufumba. Daktari akaniwekea picha kwenye kioo: pale gego na gego yanapogusana pana kivuli cheusi, mfano wa punje ya mtama, na chini yake usaha umeshafika kwenye mzizi. Kwa juu hukuti hata doa. Gego lilitolewa, na kilio cha mtoto siku ile bado ninacho masikioni. Kaulize, lakini usikatae moja kwa moja.

Mama Nuru, Tanga
Mrejesho. Nilirudi nikaziomba, wakanitumia kwa simu. Nimezipeleka kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima, akaanza na Nuru mwenyewe: kioo kidogo, taa, jino moja moja. Kisha akakuza picha akanionyesha kijivuli chembamba ubavuni mwa gego la chini kushoto, bado kiko kwenye tabaka la nje, hakijatoboa ndani. Kampaka dawa ya floraidi, kaniambia nipunguze juisi za pakiti na nimsimamie anapopiga mswaki usiku. Picha nyingine mwezi wa tatu mwakani, ya upande huo tu, aone kama kivuli kimetulia.

Kumbe jibu la swali langu lilikuwepo kwenye picha za mwanzo muda wote, na hakuna aliyeniambia.

Mpigapicha wa Mionzi
Huyo ndiye daktari. Hizo picha zitunze, uende nazo popote mtakapohamia.