Yule bibi aliyekuwa anamchana nywele Annalise ni nani?

BintiMagomeni: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza msimu wa kwanza wa How to Get Away with Murder, ile tamthilia ya Kimarekani ya mwanasheria Annalise. Kuna kipande mama mtu anamkalisha Annalise chini, anambana magotini na kuanza kumchana nywele. Huku chanuo linapita anamtolea taratibu habari za nyumba yao ilivyoungua na yule mjomba mshenzi aliyemdhulumu Annalise utotoni akiwa amelala ndani. Hapandishi hata sauti. Nilisisimka mwili mzima. Huyu bibi ni nani, na siku zote alikuwa wapi?

Kijogoo_72: Cicely Tyson. Amefariki Januari 2021, miaka 96. Aliwahi kuwa mke wa Miles Davis, yule mpiga tarumbeta.

ShangaziTanga: Kijogoo, kumtambulisha kwa mume ni kumpunja bwana. Huyo mama kazaliwa New York mwaka 1924, wazazi wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, mama yake mtu wa kanisa asiyetaka kusikia habari za uigizaji. Kwa kuwa umegusa nywele, binti: mwaka 1963 alitokea kwenye televisheni ya Marekani, tamthilia ya East Side/West Side, akiwa na nywele zake za asili, fupi, bila dawa. Tena kacheza karani wa ofisi, wakati wenzake wengi weusi walikuwa wanapewa aproni, wacheze watumishi wa ndani.

Unauliza alikuwa wapi? Alikuwa anakataa kazi! Nafasi ikimdhalilisha mwanamke mweusi, haigusi, hata kama mfukoni hamna kitu. Ndiyo maana orodha yake ina mapengo. Ila akikubali, shughuli yake utaiona. Mwaka 1974, kwenye filamu ya televisheni, kacheza Jane Pittman, mhusika aliyezaliwa utumwani akaishi hadi miaka 110. Mwishoni anajikongoja na fimbo yake hadi kwenye bomba la maji lililotengwa kwa Wazungu, watu wamesimama wanamtazama, anainama, anakunywa. Kazi hiyo ilimpa Emmy mbili, tuzo kubwa za televisheni Marekani. Na wazee wetu walioona Roots ya 1977, tamthilia ya utumwa, wanamjua, ndiye mama yake Kunta Kinte.

Mchambuzi_wa_Kahawa: Mbona Oscar, tuzo ya filamu, hakupata sasa?

ShangaziTanga: Aliteuliwa kwa filamu ya Sounder ya 1972, akachukua Liza Minnelli. Ya heshima wakampa 2018, anakaribia miaka 94. Mimi naiona ni aibu yao, si yake. Broadway, kwenye maigizo ya jukwaani New York, walikuwa wameshamkabidhi tuzo yao ya Tony mwaka 2013, bibi ana miaka 88 na bado anapanda jukwaani.

BintiMagomeni: Asante sana shangazi. Nianze na ipi?

ShangaziTanga: Sounder. Humo Cicely ni mke, mumewe kafungwa kwa kuiba nyama alishe watoto. Siku anarudi, anaonekana kwa mbali barabarani, anachechemea, mbwa anabweka. Mtazame Cicely anavyotoka mbio. Na usiangalie kwenye simu, tafadhali.