Kijerumani cha kusomea makala na kusikilizia mihadhara: kozi kamili, sarufi ya kusomea tu, au kadi za msamiati?

Kitabu_Wazi: Wakuu, lengo ni kusoma makala za historia kwa Kijerumani na kufuata mihadhara iliyorekodiwa. Kuongea si lazima, kuandika ndiyo kabisa hakuhitajiki. Muda uliopo ni saa moja kwa siku kwa miezi tisa. Njia ni tatu: kozi kamili kuanzia A1 (ngazi ya mwanzo kabisa), sarufi ya kusomea tu kisha kuingia kwenye makala, au kukariri msamiati kwa Anki, programu ya kadi za marudio. Ipi inafikisha?

BiSarufi: Ya pili. Kozi kamili hukufundisha kujitambulisha na kupanga miadi, mambo ambayo hutayaona kwenye makala ya historia. Tena anayeongea lazima ajue jinsia ya kila nomino, yaani ni *der*, *die* au *das*. Msomaji akiona *des* anajua tayari kuna umiliki, basi, anaendelea.

Anza na hali nne za nomino (maumbo yanayoonyesha kazi yake katika sentensi), kisha Präteritum (wakati uliopita wa maandishi) kabla ya Perfekt (wakati uliopita wa mazungumzo), kwa kuwa masimulizi ya historia mengi yameandikwa humo. Fuatisha vishazi tegemezi na kauli ya kutendwa kwa *werden*. Konjunktiv I, umbo la kitenzi la kuripoti maneno ya mwingine, usiiruke hata kidogo. Mwandishi akiweka *der König sei krank gewesen*, hasemi kwamba mfalme alikuwa mgonjwa, anaripoti kwamba kuna aliyesema hivyo. Ukiipita, utamnukuu mtu kwa dai lisilo lake.

Kinachowakwamisha wengi ni hiki: *die von den Gemeinden seit langem geforderten Reformen*. Ile *die* ni ya *Reformen*, mwisho kabisa. Ukiona kibainishi kinafuatwa papo hapo na kihusishi kama *von* au *in*, ruka mbele utafute nomino yake, kisha rudi usome yaliyo katikati: mageuzi yaliyodaiwa na manispaa kwa muda mrefu.

Mwanakamusi: Naunga mkono, ila msizitupe kadi. Kadi 10 mpya kwa siku zinatosha, kila moja na sentensi uliyokutana nayo mwenyewe. Ukiweka 30, baada ya wiki chache marudio yatameza saa yako nzima. Orodha ya maneno 3,000 ya kawaida pekee haifikishi: Paul Nation, mtafiti wa msamiati, katika utafiti wake wa 2006 kuhusu Kiingereza, alikadiria kuwa kusoma bila msaada kunahitaji familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake) 8,000 hadi 9,000. Dawa ni kubana mada. Makala kumi za mada moja hurudia istilahi zilezile. Makala kumi za mada kumi hukuanzisha upya kila mara.

Usifungue kamusi kabla ya kufika mwisho wa kishazi. *Lehnte* peke yake itakupa maana ya kuegemea, kumbe *ab* iko mwisho na kitenzi ni *ablehnen*, kukataa. Maneno marefu yakate kuanzia kulia: *Staatsangehörigkeitsrecht* ni *Recht*, sheria, ya uraia. Mpangilio huo unaangukia vizuri kwenye Kiswahili.

Sikio_Kali: Mnazungumzia macho tu. Msomaji anarudi nyuma, msikilizaji harudi, na kitenzi kiko mwisho wa sentensi. Sauti ianze wiki ya kwanza.

Chukua dakika tatu za mhadhara wenye maandishi yake. Sikiliza mara mbili bila kusoma, kisha fuatisha maandishi ukitia alama ulipopotea. Pambanua sababu: neno hulijui (tengeneza kadi), unalijua kwa macho ila sikio halikulitambua (rudia kipande hicho), au sentensi ilikuponyoka (isome kwa sauti mpaka itulie). Funga maandishi, sikiliza tena.

BiSarufi, hapo kwa Perfekt sikubaliani. Mhadhiri asiyesoma karatasi huitumia mno, pamoja na vijineno vya mazungumzo kama *also*, *eben* na *halt*. Miaka nayo inahitaji zoezi lake: 1848 ni *achtzehnhundertachtundvierzig*, nane inatangulia arobaini. Wengi huandika 1884.

BiSarufi: Kwa mihadhara, sawa, Perfekt isicheleweshwe. Kitabu_Wazi, gawa hivi: dakika 25 sarufi, 20 makala, 15 sauti. Kadi zipitie nje ya saa hiyo. Mwezi wa nne sarufi ishuke hadi 10, makala ichukue nafasi yake.

Kitabu_Wazi: Na programu za kutafsiri je?

BiSarufi: Baada ya tafsiri yako mwenyewe, aya moja moja. Linganisha vitenzi kwanza, maana zile *sei* na *habe* za kuripoti mara nyingine hutoka kama ukweli mtupu.

Mwanakamusi: Nyongeza kwa mtu wa historia: vitabu vingi vya kabla ya 1941 vimechapwa kwa Fraktur, herufi za Kijerumani za mtindo wa zamani. Humo *ſ* ni s, si f, na *k* hufanana na *t*. Ndiyo maana ukitafuta neno kwenye nakala zilizochanganuliwa kwa mashine wakati mwingine hulipati; jaribu kulitafuta tena kwa f mahali pa s.